Usichague kafi ukiwa nchi kavu

Ubishi kuhusu namna ya kuchagua kafi la Greenland umewagawa wapiga kayaki, yaani ile mashua ndogo nyembamba, makundi mawili. Wa kwanza wana hesabu zao: eneo la bapa, yaani sehemu pana inayoingia majini, uzito kwa gramu, urefu kwa sentimita. Wa pili wanasema lishike tu, likikukaa mkononi ndilo lako. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sharti ambalo wengi wao hawalipendi: unachokihisi dakika za mwanzo kisihesabiwe kabisa.

Kwa asiyelijua, ni kafi jembamba lenye bapa kila upande, ambalo Wainuiti, wenyeji wa Greenland, kile kisiwa cha barafu kaskazini, walilitumia kwenye kayaki zao za kuwindia sili. Kule hakuna misitu ya mbao, hivyo walichonga magogo yaliyosukumwa na bahari na barafu kutoka Siberia, na ncha wakazikinga kwa mfupa zisimeguke. Kipimo chake cha kawaida fundi seremala yeyote wa hapa Dodoma anakielewa hata bila futi kamba: pima moja na dhiraa moja. Nyoosha mikono pande zote mbili, kisha ongeza urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mwenye pima ya sentimita 170 na dhiraa ya 45 anapata kafi la sentimita 215. Sehemu ya kushikia katikati inakaribia upana wa mabega, na bapa lisipite upana ambao kiganja kinaweza kuubana, yaani sentimita 8 au 9 hivi.

Kipimo hiki si amri ya Mungu. Greenland yenyewe ni kubwa, na makafi ya pwani moja hayafanani na ya pwani nyingine. Kuna hata kafi fupi la dhoruba, ambalo mpigaji analitelezesha mkononi kila anapobadili upande.

Watu wa hesabu wanapoona wembamba ule wanatikisa kichwa. Hoja yao ina mashiko. Chombo kinakwenda mbele kwa sababu umerudisha maji nyuma. Ukishika maji mara mbili na kuyarudisha kwa nusu ya mwendo, msukumo ni uleule, lakini nishati unayoiacha majini inapungua kwa nusu. Kwa hiyo shika maji mengi, yasukume polepole. Sawa kabisa. Ila wakae wapige hesabu hadi mwisho: bapa la sentimita 8.5 kwa urefu wa 80 lina karibu sentimita za mraba 680 kabla ya kuviringwa kona, na bapa pana na fupi la dukani liko kwenye kiwango hichohicho. Alimradi umelizamisha lote, kafi jembamba halikupunji kitu. Hapo sayansi na mababu wa Greenland hawana ugomvi wowote.

Ugomvi unaanzia mkononi. Mgeni akilivuta kafi hili likiwa wima kama anavyovuta jingine, linatetemeka. Maji yanajikunja kuwa vizingia vidogo nyuma ya bapa, mara ukingo huu, mara ule, na kila kizingia kinalivuta kafi upande wake. Mgeni anatoka majini anasema hili halinifai. Kumbe angelilaza kidogo tu, ukingo wa juu ukaelekea mbele, maji yangepita upande mmoja kwa utulivu na kafi lingekaa kimya. Ndiyo sababu siziamini hisia za siku ya kwanza. Zinakueleza ulichozoea, na kafi jipya hazijalifikia bado.

Hisia ninazoziamini nilizikuta Mtera. Bwawa lile la Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilijengwa kwa ajili ya umeme, lakini wavuvi wa perege na kambale wamelifanya lao. Kafi lao lina bapa moja, na mtumbwi si kayaki, hilo nalijua. Nilikuwa na kafi la mninga, refu, limepigwa msasa hadi linang'aa. Mzee mmoja alilipokea baada ya shikamoo, na hakulishika katikati kama wanavyofanya wanunuzi. Alilikamata karibu na mwisho, akaliinua, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo taratibu kama anayetafuta ufa.

"Mwanangu, hili zito mbele. Upepo wa saa nane ukukute katikati ya bwawa, bega litakusimulia."

Fizikia inasema hivyohivyo. Gramu 100 zikiwa mita moja kutoka katikati ya kafi zinapinga kugeuzwa mara nne kuliko gramu hizohizo zikiwa nusu mita. Mizani ya dukani haikuonyeshi hilo, kwa sababu inapima kafi lililolala. Mzee hakuhitaji kanuni ile, kwa kuwa bega lake limeipima kwa miaka na lina kumbukumbu. Hisia ya namna hiyo ni kipimo halali, na inaniudhi sana mtu anapoiita ushamba.

Vilevile siafikiani na wanaosema kila mtu na hisia zake, basi yaishe. Bega linalouma halina ladha ya mtu binafsi. Kafi refu mno linamfanya mtu mfupi aunyanyue mkono juu ya bega kila pigo, na mapigo ya safari moja ni maelfu. Hapo namba zinaonya mapema kuliko mwili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchonga. Mninga ni mti mzuri, ila kwa kazi hii ni mzito. Chukua paini ya Sao Hill, Mufindi, mbao iliyonyooka nyuzi na isiyo na vifundo kabisa, kwa sababu kafi huvunjikia penye kifundo. Anza na pima na dhiraa, lakini liache refu kidogo na pana kidogo, kwa sababu randa inapunguza tu. Ingia majini nalo saa nyingi, asubuhi kukiwa shwari na mchana kukiwa na upepo. Ukirudi, badilisha kitu kimoja tu: leo urefu, safari ijayo unene wa ncha. Ukibadilisha viwili kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Hali ya hewa yetu nayo ina mambo yake. Mbao inakauka sana Dodoma kiangazi, halafu unaitumbukiza bwawani ghafla. Nyuzi zinasimama na kiganja kinaota malengelenge. Lilowanishe kwanza, liache likauke, piga msasa laini, rudia, ndipo upake mafuta ya kitani. Msilaumu umbo la kafi kwa kosa la msasa.

Ningefurahi mno kuona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wakikaa Mtera na mizani na futi kamba, wakipima makafi ya wavuvi: uzito wa ncha, urefu, kimo cha mwenye kafi. Na wamuulize kila mvuvi bega lake likoje anapoondoka alfajiri, kisha wamsubiri arudi na upepo, wamuulize tena.