Sikukuu isiishie Desemba

Ndugu zangu wa Dar, niko huku Chicago na kuna jambo nataka niliseme kabla hamjaanza kugombania siti za mabasi ya Moshi.

Huku Desemba watu wanabadilika kabisa. Jua linazama saa kumi na dakika ishirini hivi jioni, baridi inakata masikio, na hapo ndo watu wanakua wakarimu kuliko mwaka mzima. Jirani ambae mkikutana kwenye lifti anaangalia simu yake leo anakugongea na sahani ya biskuti. Pale napoendaga kujitolea kugawa chakula, Desemba wasaidizi wanajaa mpaka wengine hawana cha kufanya, njoo mwezi wa tatu sasa, foleni ya wenye njaa iko vile vile ila wasaidizi hawapo. Hii inaniuma sana.

Ghorofa ya chini anakaa bibi mmoja Myahudi. Sikukuu yao ya Hanuka inaenda usiku 8, wanakumbuka hekalu la Yerusalemu lilivyotakaswa upya enzi za Wamakabayo, wale wapiganaji wa Kiyahudi wa kale, na yale mafuta ya siku moja yaliyowaka siku 8. Kinara anakiweka dirishani ili mpita njia aone. Kina mishumaa 8 na wa tisa unaitwa shamashi, yani mtumishi, huo unawashwa kwanza alafu ndo unawasha wenzake. Mwanga wa ile 8 huruhusiwi kuutumia kwa kazi yoyote, hata kusomea, ni ya kutazama tu, na kwao wanawake wanaacha kazi zote kama nusu saa hivi mishumaa ikiwa inawaka, mnakaa, mnaongea. Mwaka 2024 usiku wa kwanza ulidondokea tarehe 25 Desemba yenyewe, basi sisi tukashuka na pilau, yeye akakaanga vile viazi vya kukwaruza na kitunguu, tukala pamoja hadi usiku. Kesho yake watu kazini, Januari miti ya Krismasi imetupwa nje na salamu nazo zimekata.

Sasa nyumbani. Magomeni nilikokulia, Krismasi mama anafunika sahani ya pilau kwa kawa, unatumwa kwa mama Zuhura, na ile sahani haikurudi tupu hata siku moja, utarudi na visheti. Iddi inageuka, zinakuja kwetu. Lakini kilichokua kinanifurahisha zaidi ni siku za kawaida, mtu anaomba chumvi, mtoto wa jirani anakula kwenu na hakuna anaeuliza, msiba ukitokea turubai limeshafungwa kabla hujajua nani kalileta.

Nikija likizo sa hivi naona mageti, kuta, waya wa umeme juu, na madukani kule miti ya Krismasi imewekewa pamba eti theluji, na joto lote lile la Desemba! Mapambo tumeyachukua haraka sana, watu tunaachana nao. Jamani hiki ambacho wenzetu wanakipata mwezi mmoja sisi tulikua nacho mwaka mzima.

Kwahiyo hiyo sahani ipelekeni Januari, ada za shule zikiwa zimewabana watu, ndo inapohitajika kuliko tarehe 25. Ile nusu saa ya bibi ifanyeni hata mwezi wa tano, simu pembeni, mkeka nje, baada ya magharibi. Na muanze na yule aliehamia juzi, ambae mtaa mzima haujui hata jina la mwanae.