Kiwanja hakikuwa kichafu

Jumamosi iliyopita nilikwenda Nzuguni, hapa Dodoma, kumpongeza rafiki yangu aliyehamia kwake. Nyumba nzuri, hongera zake, najua amejinyima miaka mingapi. Ila nilipoingia getini nilisimama. Mara ya mwisho nilipopita pale walikuwa wanachimba msingi, na pembeni kulikuwa na mgunga mmoja ulioinamia barabarani, kichaka cha mikonge, mawe mawili makubwa ya rangi ya kutu, na katikati ya mawe hayo mshubiri uliojiotea wenyewe. Vyote havipo. Kuna ukoka umetandazwa kama zulia, miashoki sita imepangwa mstari ukutani, na maua mekundu kwenye makopo. "Fundi alisafisha kiwanja kwanza," akaniambia.

Kusafisha. Neno hilo nimelala nalo siku tatu.

Mwaka wetu tunaujua. Mvua zinaingia Desemba, nyingine zinachelewa hadi Januari, na Aprili ikiisha nazo zimeisha. Kwa wastani hazifiki hata milimita 600. Kinachobaki ni jua, vumbi, na ule upepo wa Julai na Agosti unaopiga milango. Ukipanga bustani yako kwa kuhesabu maua, una bustani miezi minne, halafu miezi minane unatazama vijiti. Bustani ya Dodoma inatakiwa ipangwe kwa majani na magome: jani nene kando ya jembamba, lenye miiba kando ya laini, gome lililopasukapasuka mbele ya ukuta uliopigwa lipu vizuri. Maua yakija, karibu sana. Lakini bustani isiyasubiri.

Na hapa ndipo ninapotamani mafundi wetu wanielewe. Ukwaru huo wa majani na magome tunaouona kama upori umechongwa na ukame wenyewe. Mgunga umelikata jani lake vipande vidogovidogo ili jua lisiliunguze na maji yasipotee. Mkonge umejipaka nta, na matundu yake ya kupumulia unayafunga mchana na kuyafungua usiku kukiwa na ubaridi. Mshubiri umeweka akiba ya maji ndani ya jani. Kwa hiyo kinachopendeza macho na kinachookoa maji ni kitu kilekile. Hulazimiki kuchagua kati ya uzuri na bili.

Kwangu Miyuji nina mshubiri karibu na ngazi, naupita kila asubuhi. Kufika Septemba majani yake yamesinyaa, yamejikunja kwa ndani kama mfereji, na yamegeuka rangi ya matofali ya kuchoma. Mgeni huwa anadhani umekufa. Mvua mbili tu za mwanzo zikinyesha, ndani ya siku chache jani limejaa, limekaza, ukiligusa ni baridi wakati ngazi inaunguza. Hakuna ua lililowahi kunipa furaha ile.

Mwanga nao una kazi yake. Saa saba mchana jua likiwa utosini kila kitu kinaonekana bapa, hata bustani nzuri. Ngoja saa kumi na moja jioni, jua lije kwa ubavu. Kila mwiba wa mgunga unatoa kivuli, mikonge inasimama kama mikuki, na ukuta mweupe ambao ulikuwa mtupu unajaa michoro inayocheza na upepo. Ukoka saa hiyo ni kijani tu, kama ulivyokuwa saa saba.

Kwa wenye viwanja vidogo, na wengi wetu ndivyo vilivyo: mimea ya majani mapana na manene iweke karibu na unapokaa, yenye majani membamba ipeleke nyuma. Jani pana linamsogelea mtazamaji, jembamba linarudi nyuma, na kiwanja kinaonekana kirefu kuliko kilivyo. Ukifanya kinyume unajibana mwenyewe. Jani pana kabisa unalitaka? Panda mgomba mmoja panapomwagika maji ya kuoshea vyombo.

Sisemi kwamba kila kitu kiwe cha asili ya hapa. Mkonge wenyewe ni mgeni, asili yake Meksiko, uliletwa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, mwaka 1893. Ninachosema ni kwamba umezoea jua letu, na umbo lake halifanani na kitu kingine chochote uani.

Watoto? Sawa, mwenye watoto wadogo asiweke miiba njiani, na mnyaa aupande mbali, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Kipande cha ukoka cha kuchezea mpira nakikubali pia, ingawa kila jioni nikisikia mpira wa maji unamwagilia nyasi wakati mtaa wa pili wanasubiri mgao, moyo unaniuma.

Bibi yangu kule Mvumi hakuwahi kuita uwanja wake bustani. Tembe lake lilikuwa na ukuta wa udongo wenye alama za vidole vya waliousiriba, na mbele yake uzio wa minyaa, vijiti laini vya kijani vimesongamana. Ukwaru wa udongo na ulaini wa minyaa. Mbali kidogo, karibu na korongo, kulikuwa na mpogoro, mti unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuwa kijani wakati kila kitu kimekauka. Tulikaa chini yake Oktoba nzima. Nilipokwenda mjini kusoma ndipo nilipoanza kuyaona yale yote kama umaskini, na imenichukua miaka mingi kuacha.

Rafiki yangu amenipigia jana. Ameuliza kama mikonge inahamishika. Inahamishika, na Jumamosi nampelekea machipukizi matatu, pamoja na mche wa mgunga nilioukuza kwenye kopo, sasa hivi unanifika kwenye goti. Nikamuuliza na mimi yale mawe yalipelekwa wapi, tuone kama tunaweza kuyarudisha. Akasema yalipasuliwa. Ndiyo ile kokoto niliyoikanyaga getini.