Soba hausi mmemlipia, sasa akitoka anakaa wapi?

Naishi Maryland, Marekani, ila kwetu Temeke, na hapa naongea na ndugu zangu wa huku nje ambao kila mara tunachangishana kumpeleka kijana soba hausi, nyumba ya kuacha unga (heroini). Akikaa Bagamoyo miezi kadhaa arosto (mateso ya kukosa unga) imeisha, mwili umejaa, anaongea vizuri na mama yake kwenye simu, sote tunamshukuru Mungu. Halafu siku ya kutoka anarudishwa chumba kilekile cha uani, dirisha linaangalia maskani ileile, na wa kwanza kumpa mkono ni yule aliyekuwa anamkopesha kete za unga. Kazi hana, nauli hana, kijiko kikipotea macho yote kwake. Akiteleza tunasema huyu kashindikana. Mimi hilo nalikataa kabisa, hajashindikana, sisi ndo tumemrudisha palepale alipougulia.

Huku kuna nyumba zinaitwa Oxford House, zimeanzia hapahapa Silver Spring mwaka 1975. Paul Molloy na wenzake walikuwa wanakaa kwenye nyumba ya kaunti ya watu walioacha pombe, ikafungwa, wakaamua waipange wenyewe. Mpaka leo ziko zaidi ya elfu mbili na utaratibu ni uleule, hamna meneja wala mshauri anayelala pale, wenyewe wanachagua viongozi kila miezi sita, kodi wanagawana, mgeni anaingia kwa kura, anayerudi kwenye pombe au unga anatoka siku hiyohiyo, na anayelipa na kutulia hakuna wa kumwambia muda wako umeisha. Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote. Watafiti walifuatilia watu 150 kwa miaka miwili na kuchapisha mwaka 2006, waliopelekwa Oxford House waliorudi kutumia walikuwa kama asilimia 31, na wale walioachwa na utaratibu wa kawaida baada ya matibabu kama asilimia 65.

Mwenzangu mmoja kazini anakaa humo, Jumapili moja akanikaribisha kwenye kikao chao. Mweka hazina ana daftari, anasoma jina kwa jina nani kalipa. Kijana mmoja alikuwa nyuma wiki mbili, akaulizwa mbele ya wote utalipa lini, akasema Ijumaa, ikaandikwa, wakaendelea na zamu ya kuosha choo. Hakuna aliyemtukana wala kumlilia. Kwetu teja ama anapigwa ama anabembelezwa, kudaiwa kodi kama mtu mzima ni heshima ambayo hajaionja miaka.

Sisemi huku ni peponi. Arizona mwaka 2023 ilibidi serikali ifunge malipo kwa watu kibao waliokuwa wanawakusanya wenyeji wa asili kwenye nyumba za soba feki na kula hela za bima ya afya. Na nyumbani tuna vitu vya maana sana, methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, Muhimbili ipo tangu 2011 na mtu anakunywa dozi bure, soba hausi nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kula unga wenyewe hivyo huwezi kuwadanganya, na mama wa kiswahili hamtupi mwanae.

Kinachokosekana ni nyumba ya pili tu. Kijana anayesimamia dozi yake ya methadoni au aliyemaliza soba akae na wenzake watano sita, mtaa wa mbali na maskani, wabebe zege, waendeshe boda, walipe kodi wenyewe. Kikwazo nakijua, mwenye nyumba Dar anataka ya miezi sita mkononi. Hata huku walikwama hapohapo, ndo maana sheria ya mwaka 1988 ikataka kila jimbo liwe na mfuko wa kukopesha nyumba mpya mpaka dola 4,000, wanarudisha kidogokidogo na hela inafungua nyumba nyingine. Majirani nao walikataa nyumba hizi, mji wa Edmonds, jimbo la Washington, ukajaribu kuizuia moja, kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1995 na mji ukashindwa. Kwetu hatuna sheria ya kuzilinda nyumba kama hizo, kwahiyo mwenyekiti wa serikali ya mtaa aonwe mapema na aelezwe ukweli wote, asije kusikia kwa polisi.

Mchango wa safari hii naomba tuugawe, nusu soba hausi, nusu kodi ya miezi sita ya nyumba ya vyumba vitatu, Mbagala au Chanika, na daftari washike wao wenyewe.