Bakteria wa utumbo wamehukumiwa mapema

Mara nyingi mtu anayeharisha damu hapa Kampala hufika hospitali akiwa amekwisha kumeza antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama metronidazo na siprofloksasini, za duka la dawa la mtaani. Kwake, tumboni mna vijidudu, basi viuawe. Akigundulika kuwa na ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, daktari humgeuzia maelezo: seli za kinga zimevuka mpaka, zitulizwe.

Upande wa daktari una nguvu. Infliksimabu, dawa ya dripu ya kutuliza kinga, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, wiki ya 0, 2 na 6, kisha kila baada ya wiki 8, huziba TNF, kemikali inayochochea uvimbe, na huwainua wagonjwa wengi. Anayekwenda haja yenye damu mara kumi kwa siku hatapona kwa kula kalo, ugali wa ulezi.

Lakini turudi kwa panya walioondolewa jeni ya IL-10, kemikali inayotuliza kinga. Mwaka 1993 walionekana kuugua utumbo. Panya wa aina hiyohiyo wakilelewa bila bakteria hata mmoja, utumbo haupati kolaitisi. Kasoro ya kinga ni ileile. Kilichokosekana ni bakteria. Hata jeni ya NOD2, iliyohusishwa na Crohn mwaka 2001, kazi yake ni kutambua kipande cha ukuta wa bakteria. Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba bakteria ndio wabaya, wakasahau nusu ya pili ya habari.

Bakteria wengine ndio walimu wa kinga. Faecalibacterium prausnitzii, anayepungua kwa wagonjwa wengi wa Crohn, huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti. Butireti ni chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na tafiti za panya za mwaka 2013 zilionyesha kwamba huongeza seli-T dhibiti, zile zinazowazuia wenzao wasishambulie ovyo. Bakteria huyu hastahimili oksijeni, na metronidazo inalenga viumbe wa namna hiyo hasa.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha na wenzake mwaka 1972 vipimo vya kinyesi: wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, mabaharia wa Uingereza takriban gramu 100. Tofauti hiyo si maji na makapi tu. Ukiondoa maji, sehemu kubwa ya kinyesi ni bakteria wenyewe, walioshiba nyuzinyuzi za kalo, maharagwe na viazi vitamu. Haithibitishi kwamba chakula hicho huzuia Crohn, na palipo na kolonoskopia chache, yaani vipimo vya kuutazama utumbo mpana kwa kamera, wagonjwa hupotea kwenye hesabu. Hata hivyo, mlo wa mjini wa chapati na soda unawanyima bakteria hao riziki.

Antibiotiki zina mahali pake: jipu au fistula (tundu lisilo la kawaida) ya njia ya haja. Kuzinunua kila tumbo linaposokota ni kumfukuza mwalimu darasani.

Dawa za kinga nazo zina masharti hapa kwetu. Kabla ya prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, kinyesi kipimwe amiba, maana dawa hiyo inaweza kuufanya utumbo wenye amiba utoboke. Kabla ya infliksimabu, itafutwe TB iliyojificha, na kipande cha utumbo kipimwe TB, kwa kuwa TB ya tumbo hufanana mno na Crohn. Na mwenye utumbo uliosinyaa asishauriwe kuongeza nyuzinyuzi ngumu: zinaweza kuuziba kabisa.