Mpangaji wa Kurasa na Jedwali la Mistari 20

Karibu kila kundi la mashabiki linalojitungia kitabu cha kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika hufika mahali pamoja pa ugomvi, na ugomvi wenyewe hauhusu majoka wala uchawi, unahusu majedwali. Watunzi wameleta fani kumi au kumi na tano za wahusika, kila mmoja kwa mtindo wake: huyu ameandika aya ndefu, yule ametoa orodha, wa tatu ameziacha ngazi tano za mwisho akiahidi kuzimalizia. Hapo hutokea watu wawili watatu wa kujitolea, wapangaji wa kurasa, ambao mara nyingi hawakutunga fani hata moja, wakasema kwamba hakuna kitakachoingia kitabuni kabla hakijafuata kiolezo kimoja. Watunzi hujiona wameingiliwa. Kwao mpangilio ni nguo, na mtu hashoni nguo kabla hajajua kimo cha atakayeivaa.

Ninatumia neno fani kwa sababu mengine yanapotosha: tabaka lina harufu ya utajiri na ufukara, na darasa lina vumbi la chaki. Mpiganaji, kasisi, mtawa au mchawi wa mchezoni ni mtu mwenye kazi aliyoifuzu, naye huongezewa uwezo kila anapopanda ngazi. Mfano nitakaoufuata ni toleo la 3.5 la mchezo wa Dungeons & Dragons la mwaka 2003, kwa kuwa leseni huria iliyotangulia mwaka 2000, ijulikanayo kama OGL, iliruhusu mtu yeyote kunakili sehemu kubwa ya kanuni hizo na kujenga juu yake, na mashabiki walijenga kwelikweli.

Hoja ya watunzi si ya kubezwa. Kiolezo kinachokuja mapema humfunga mtu kabla hajajua anachotaka kusema, na kundi la watu wasiolipwa haliwezi kumudu kumchosha mtu ambaye jioni zake za bure ndizo mtaji pekee wa kitabu. Mtunzi akirudishiwa rasimu mara tatu kwa sababu ya herufi nzito na nafasi za mistari, mara ya nne haileti. Wapo pia wapangaji, tuseme ukweli, wanaougeuza usafi wa ukurasa kuwa cheo.

Lakini hoja hiyo imesimama juu ya dhana kwamba kanuni inakaa kwenye maelezo, na kwamba jedwali linarudia tu kwa tarakimu yale yaliyokwisha kuelezwa. Katika toleo la 3.5 sivyo ilivyo. Fani ya kawaida ina ngazi 20, na jedwali lake lina mistari 20. Safu ya kwanza inataja ngazi, ya pili nyongeza ya shambulio, yaani namba inayoongezwa kwenye mrusho wa dadu mhusika anaposhambulia, tatu zinazofuata ni nyongeza za mirusho ya dadu ya kujinusuru na hatari, yaani uimara wa mwili, wepesi na utashi, kisha inakuja safu ya uwezo maalumu. Ukiziweka kando safu ya ngazi na ya uwezo maalumu, zinabaki safu nne zenye visanduku 80. Nyongeza ya shambulio ina mwendo wa aina tatu tu: inalingana na ngazi, au ni robo tatu ya ngazi, au nusu yake. Kila mrusho wa kujinusuru una mwendo wa aina mbili: mzuri, unaoanzia +2 na kuishia +12, na hafifu, unaoanzia +0 na kuishia +6. Maana yake ni kwamba mtunzi anafanya maamuzi manne tu, na maamuzi hayo manne ndiyo yanayojaza visanduku vyote 80. Tatu mara mbili, mara mbili tena, mara mbili tena: majedwali yote yanayowezekana ni 24.

Hesabu hii nimeirudia mara nyingi, kwa sababu inaonyesha kazi inavyogawanywa vibaya. Kitabu chenye fani 15 kikiachwa kila mtunzi achape jedwali lake, kinachapwa visanduku 1,200 kwa mkono, na kila kimoja ni nafasi ya kukosea jambo ambalo halikuhitaji kuamuliwa upya. Makosa yenyewe hayapigi kelele. Chukua mwendo wa robo tatu. Kwa kuwa sehemu isiyotimiza namba nzima hutupwa, mwendo huo husimama kwenye ngazi ya 5: ngazi ya 4 ni +3, na ya 5 ni +3 vilevile. Mchapaji aliyechoka, ambaye mkono wake umeshazoea kuongeza moja kila mstari, ataandika +4 kwenye ngazi ya 5, kisha +5, kisha +6 kwenye ngazi ya 7. Hapo +6 huandikwa +6/+1, yaani mhusika amepata shambulio la pili, na amelipata ngazi moja kabla ya kasisi na wenzake wote wa mwendo huo, ambao hulingoja hadi ngazi ya 8. Hakuna aliyeamua kwamba fani hiyo iwe na nguvu zaidi; mkono uliteleza tu. Wiki kadhaa baadaye wachezaji watabishana kama fani imezidishiwa nguvu, na mtunzi ataitetea kwa moyo wote, akidhani anatetea wazo lake.

Anayeliona kosa hilo ni yule anayeyaweka majedwali 15 ubavuni kwa ubavu, mpangaji wa kurasa. Halioni kwa kuwa ana akili kuwazidi wengine; analiona kwa kuwa yeye peke yake hulazimika kupitia kila mstari wa kila fani. Ndiyo sababu neno "mapambo" linaniudhi linapotumika kuieleza kazi yake.

Jedwali lina faida nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kuufichua utupu. Katika toleo la 3.5 mpiganaji hupata weledi wa nyongeza, yaani ujuzi wa ziada anaouchagua mchezaji, kwenye ngazi ya 1, ya 2, na kila ngazi shufwa inayofuata hadi ya 20. Hizo ni ngazi 11. Ngazi tisa zilizobaki, kuanzia ya 3 hadi ya 19, safu ya uwezo maalumu ni nyeupe. Maelezo ya fani hiyo yakisomwa kama aya hayaonyeshi upungufu wowote, kwa sababu sentensi moja inatosha kusema jambo lote na msomaji anaendelea mbele. Ni jedwali linalokuonyesha nafasi tisa ambako mchezaji amevuka ngazi na fani yake haikumpa kitu ila nyongeza za kawaida. Kampuni ya Paizo ilipotoa Pathfinder mwaka 2009, mchezo uliojengwa juu ya kanuni hizohizo zilizofunguliwa na leseni, nafasi zote tisa zilikuwa zimejazwa: mafunzo ya deraya kwenye ngazi ya 3, ya 7, ya 11 na ya 15, mafunzo ya silaha kwenye ya 5, ya 9, ya 13 na ya 17, na umahiri wa deraya kwenye ya 19. Sidhani kama upachikaji nadhifu namna hiyo hutoka katika kusoma aya. Hutoka katika kulitazama jedwali na kuona mahali palipo peupe.

Mtu wa upande wa pili atajibu, na jibu lake lina uzito, kwamba hapo ndipo kiolezo kinapoharibu. Kisanduku kitupu kinaomba kujazwa, na mtunzi mdogo, akiona aibu ya weupe, atatumbukiza humo uwezo usio na maana: nyongeza ya +1 ya hapa, ruhusa ya mara moja kwa siku ya pale. Fani inanenepa bila kukua. Tena kiolezo kinaweza kukataa fani yenye umbo jipya. Mtawa wa toleo la 3.5 ana safu nne zaidi ya zile za kawaida: mapigo ya mfululizo, madhara ya mikono mitupu, nyongeza ya kinga na nyongeza ya kasi. Kama wabunifu wa kampuni yenyewe wangefungwa na safu sita, mtawa asingezaliwa.

Kuna hatari ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote, ingawa watunzi hawaitaji sana. Siku hizi programu kama The Homebrewery humwezesha mtu kuandika maandishi mepesi yenye alama chache, na papo hapo ukurasa ukatoka na karatasi ya rangi ya ngozi na vichwa vyekundu, utadhani umechanwa kwenye kitabu rasmi cha toleo la 5 la Dungeons & Dragons. Rasimu ya jana usiku inapata heshima ya kazi iliyojaribiwa mwaka mzima. Msomaji huamini macho. Hapa mpangilio unaficha, na anayesema kwamba uzuri wa ukurasa umewapumbaza mashabiki hajakosea. Ila tazama kinachofanyika: programu hiyo inatoa sura, haihakiki jedwali. Ukiandika +4 kwenye ngazi ya 5, itaichapa +4 kwa herufi nzuri sana. Lawama hiyo inaangukia mpangilio usio na mpangaji.

Upande wa leseni nao huchukuliwa kama karatasi za ofisini mpaka siku mambo yanapochafuka. Kifungu cha 6 cha OGL kinamtaka anayetumia kazi ya mwingine anukuu katika kifungu cha 15 tangazo la hakimiliki la kila chanzo, neno kwa neno. Anayelitunza tangazo hilo kundini, kwa kawaida, ni mpangaji, kwa kuwa ndiye anayejua aya ipi ilitoka wapi. Januari 2023, ilipovuja rasimu ya leseni mpya iliyokusudia kuiondolea nguvu ile ya zamani, kila kundi lililotumia leseni hiyo lilikuwa na sababu ya kujiuliza ni sehemu gani ya kitabu chake imenakiliwa na ipi imetungwa. Baada ya kelele nyingi, tarehe 27 mwezi huo Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, waliiacha leseni ya zamani ibaki na wakaziweka kanuni za msingi za toleo la 5 chini ya Creative Commons, familia nyingine ya leseni huria. Hata hivyo Basic Fantasy, mchezo ulioanzishwa na Chris Gonnerman mwaka 2006 na kukuzwa na watu wa kujitolea, ulikwisha kuamua kuhama, na toleo lake la 4 likatoka mwaka huohuo 2023 chini ya CC BY-SA, mojawapo ya leseni za Creative Commons. Mafaili yake ya kuhariri hutolewa wazi, si PDF peke yake, na fani zake nne za msingi zimepangwa kwa namna moja. Kuhamisha kitabu kizima kutoka leseni moja hadi nyingine ni kazi ya kupekua sentensi kwa sentensi, na kitabu ambacho kila fani imeandikwa kivyake kingeifanya kazi hiyo iwe adhabu.

Kwa hiyo nawaunga mkono wapangaji, kwa sharti moja. Visanduku 80 wavichukue wao tangu siku ya kwanza: majedwali 24 yachapwe mara moja, yahakikiwe na watu wawili, yawekwe mahali pa wote, na mtunzi aulizwe maswali manne tu bila kutakiwa achape tarakimu yoyote. Safu ya uwezo maalumu, pamoja na safu zozote za ziada anazozitaka, ibaki mikononi mwa mtunzi mpaka mwisho, na mpangaji asiruhusiwe kuijaza wala kudai ijazwe. Anachoweza kufanya ni kuizungushia duara ngazi iliyo tupu, kuirudisha, na kuuliza kama weupe huo ulikusudiwa.