Mpinzani Mkali au Njia ya Mteremko: Bingwa wa Tenisi Anataka Nini Hasa?

Tarehe 31 Mei 2009, kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros jijini Paris, Robin Söderling wa Sweden alimng'oa Rafael Nadal katika raundi ya nne. Nadal hakuwa amewahi kufungwa kwenye mashindano hayo. Alikuwa na mataji manne mfululizo, na katika miaka yote hiyo minne ndiye aliyemzuia Roger Federer: nusu fainali ya 2005, kisha fainali za 2006, 2007 na 2008. Ile ya 2008 ilikwisha 6-1, 6-3, 6-0, matokeo ambayo mtu hayasahau kwa urahisi. Wiki moja baada ya Nadal kutolewa, Federer alimfunga Söderling kwenye fainali, akapata taji pekee lililokuwa limemkwepa kati ya manne makubwa ya tenisi (Australia, Roland Garros, Wimbledon na US Open), na kufikisha mataji makubwa 14 sawa na Pete Sampras.

Ubishi juu ya taji lile haujaisha hadi leo. Wapo wanaosema lina doa, kwa kuwa Nadal, mwenye uwanja, hakuwepo fainali. Wapo wanaojibu kwamba bingwa hucheza na yule aliyeletwa na droo, basi. Ila chini ya ubishi huo kuna swali linalonivutia zaidi: wachezaji wenyewe, wakiachiwa wachague, wangechagua nini? Wangetaka kupambana na mkali wao, au wangefurahi kimoyomoyo mtu mwingine akiwaondolea huyo mkali mapema?

Naamini wanataka vyote viwili, lakini si kwa wakati mmoja. Pia naamini tunakosea tunapoyapa uzito mkubwa maneno wanayosema wakishastaafu, na uzito mdogo jinsi walivyopanga ratiba zao walipokuwa bado wanacheza.

Tuanze na hesabu, maana tenisi ni mchezo wa hesabu kuliko mashabiki wengi tunavyopenda kukiri. Shindano kubwa lina wachezaji 128 na bingwa lazima ashinde mechi saba ndani ya takriban wiki mbili. Waliopangwa nambari moja na mbili kwa ubora hutenganishwa kwenye droo wasiweze kukutana kabla ya fainali. Wachezaji 32 bora hutawanywa ili wasianze kumalizana siku ya kwanza. Yaani waandaaji wenyewe wamekwisha amua kwamba vigogo wastahili kuanza na njia nyepesi. Halafu bingwa wa wanaume hupata pointi 2,000 za ubora, awe amewafunga watatu bora duniani au awe hajakutana na hata mmoja wao. Haikuwa hivyo siku zote: hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 orodha ya wanaume ilitoa pointi za ziada kwa aliyemfunga mchezaji wa nafasi za juu. Mfumo ulioanza mwaka 2000 ukaziondoa. Tangu hapo ugumu wa njia haulipwi chochote kwenye orodha.

Na mwili unalipa gharama yote. Wimbledon 2018, Kevin Anderson wa Afrika Kusini alimtoa Federer kwenye robo fainali baada ya kuwa nyuma kwa seti mbili, akimaliza seti ya tano 13-11. Nusu fainali dhidi ya John Isner ilichukua saa 6 na dakika 36, seti ya tano ikafika 26-24. Alipoingia fainali, Novak Djokovic alimfunga 6-2, 6-2, 7-6. Ni kweli Djokovic naye alitoka kumshinda Nadal kwa mechi iliyokatwa usiku na kumaliziwa kesho yake, kwa hiyo hakuna wa kusema alibebwa. Lakini seti mbili za kwanza za fainali ile zilichezwa na mtu ambaye miguu yake ilibaki kwenye nusu fainali.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa US Open, jijini New York, mwaka 2021. Leylah Fernandez wa Kanada, msichana wa miaka 19, alimtoa bingwa mtetezi Naomi Osaka, kisha Angelique Kerber, kisha Elina Svitolina, kisha Aryna Sabalenka aliyekuwa amepangwa nambari mbili. Mechi zote nne zilikwenda seti tatu, ukomo wa mechi za wanawake. Upande wa pili wa droo, Emma Raducanu wa Uingereza alianzia mechi za kufuzu na kushinda mechi kumi bila kupoteza seti hata moja, ikiwamo fainali dhidi ya Fernandez. Raducanu hakuiba chochote. Alimfunga kila aliyesimama mbele yake, na kucheza kwa utulivu ule ukiwa na miaka 18 si jambo dogo. Ila ukiuliza ni nani kati yao alipita msituni, jibu ni Fernandez, na kwenye orodha ya mabingwa jina lake halipo. Mchezaji mwenye akili akiyatazama matokeo hayo, kwa nini aombe njia ya Fernandez?

Hawaombi. Tazama Federer mwenyewe, mtu anayesemwa kuwa mpenzi wa ushindani. Mwaka 2017, akiwa na miaka 35, aliacha msimu mzima wa udongo, Roland Garros ikiwamo, na mwaka 2018 akafanya vivyo hivyo. Alikuwa na sababu za mwili, na nazikubali; goti lake lilishafanyiwa upasuaji mwaka 2016. Lakini udongo ndio ulikuwa himaya ya Nadal, na hakuna mtu makini aliyedhani Federer angemtoa pale. Alipumzika, akarudi kwenye nyasi, akatwaa Wimbledon ya 2017 bila kupoteza seti. Huo ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Na ulikuwa uchaguzi wa njia.

Hata hivyo, wanaolitukuza taji la mteremko husahau kwamba mteremko huonekana baadaye tu, mashindano yakishaisha. Siku moja baada ya Nadal kutolewa Paris, Federer aliingia uwanjani dhidi ya Tommy Haas na kupoteza seti mbili za kwanza. Alikuwa hatua chache kutoka kutolewa, na si kwa ubora wa Haas pekee. Dunia nzima ilikuwa imeshamvika taji. Alirudi na kushinda seti tatu zilizofuata, kisha akahitaji seti tano tena dhidi ya Juan Martín del Potro kwenye nusu fainali. Kuondoka kwa Nadal kulimwondolea mpinzani mmoja, kukamwachia mzigo wa kutokuwa na kisingizio.

Dominic Thiem aliubeba mzigo huo mwaka 2020. Alikuwa amepoteza fainali mbili za Paris mbele ya Nadal na moja ya Australia mbele ya Djokovic. US Open ya mwaka ule, Nadal na Federer hawakuwepo, na Djokovic aliondolewa mashindanoni baada ya mpira alioupiga kwa hasira kumgonga mwamuzi wa mstari. Njia ilikuwa wazi kuliko ilivyowahi kuwa kwa mchezaji wa rika lake. Thiem akaanza fainali kwa kupoteza seti mbili mbele ya Alexander Zverev, kabla ya kujikokota hadi ushindi wa seti tano. Baadaye alieleza wazi jinsi ari ilivyompungua baada ya kulifikia lengo la maisha yake. Jeraha la kifundo cha mkono likamkuta mwaka 2021, na mwaka 2024 akastaafu bila kushinda taji kubwa la pili. Sidai kwamba njia nyepesi ndiyo iliyomvunja. Nasema haikumpa kitu cha kukimbilia baada ya hapo.

Hapa ndipo upande wa pili unapata nguvu, na ushahidi wake mzito kuliko wote ni wa Chris Evert na Martina Navratilova. Walicheza mechi 80 kati ya 1973 na 1988, na 60 kati ya hizo zilikuwa fainali. Mwanzoni Evert alikuwa mbabe. Aprili 1981, kwenye udongo wa Amelia Island, alimfunga Navratilova 6-0, 6-0. Kipigo cha namna hiyo humfanya mtu achague: ajifiche kwenye mashindano ambayo mwenzake hachezi, au ajijenge upya. Navratilova alijijenga. Akishirikiana na Nancy Lieberman, mchezaji wa mpira wa kikapu, alianza mazoezi ya nguvu ambayo tenisi ya wanawake haikuwa imeyazoea, akabadili chakula na namna ya kujiandaa. Ikafika mahali akamfunga Evert mechi 13 mfululizo.

Sasa zamu ikawa ya Evert. Alikuwa anakaribia miaka 30, tajiri wa mataji, angeweza kuaga kwa heshima. Badala yake naye akaanza kunyanyua vyuma na kuhamia raketi ya kisasa zaidi, na mwaka 1985 akamfunga Navratilova kwenye fainali ya Paris 6-3, 6-7, 7-5. Mwaka 1986 akarudia. Wote wawili walimaliza na mataji makubwa 18 ya mchezaji mmoja mmoja. Watu husema bila mmoja, mwingine angekuwa na 25. Siafiki. Navratilova wa kabla ya 1981 hakuwa na mazoezi wala nidhamu ile, na ni Evert aliyemlazimisha kuvitafuta.

Björn Borg na John McEnroe wanaonyesha upande mwingine wa jambo hilo hilo. Mechi zao zilikuwa 14, kila mmoja akashinda saba. Mwaka 1981 McEnroe alimfunga Borg kwenye fainali za Wimbledon na US Open, na Borg akapotea. Alitangaza kustaafu Januari 1983 akiwa na miaka 26. McEnroe, aliyebaki na uwanja mpana, amesema mara nyingi kwamba kuondoka kwa Borg kulimwachia pengo. Namwamini, ingawa takwimu zinanikataza kumwamini moja kwa moja: mwaka 1984 alishinda mechi 82 na kupoteza tatu tu. Alicheza vizuri kuliko wakati mwingine wowote bila Borg. Pengo lilionekana baadaye, kwa sababu baada ya mwaka huo hakushinda tena taji kubwa la mchezaji mmoja mmoja.

Kuna jambo moja linalonifanya nisikilize sifa hizi za wapinzani kwa tahadhari. Angalia wanaozitoa. Djokovic amesema mara nyingi kwamba Federer na Nadal ndio waliomfanya awe bora, na ana mataji makubwa 24. Nadal ana 22, Federer 20. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Andy Murray alicheza fainali kubwa 11 na kupoteza nane, tano mbele ya Djokovic na tatu mbele ya Federer. Andy Roddick alitwaa US Open ya 2003, kisha akapoteza fainali nne kubwa, zote kwa Federer, ya mwisho ikiwa Wimbledon 2009 iliyofika 16-14 seti ya tano. Roddick aliboresha mchezo wake kwa ajili ya mtu yule yule mmoja, akafika karibu kuliko wakati wowote, na bado akaondoka mikono mitupu. Ukimwambia mpinzani mkali ni zawadi, unamwambia jambo ambalo kabati lake la vikombe linalikanusha.

Kwa Murray naona tofauti kidogo. Mawili kati ya mataji yake matatu makubwa aliyapata kwa kumfunga Djokovic, na hakuna anayethubutu kuyatilia shaka. Stan Wawrinka alikwenda mbali zaidi: katika kila taji lake kati ya matatu alimfunga nambari moja wa dunia kwenye fainali. Ndiyo maana matatu ya Wawrinka husimuliwa kwa heshima ambayo mabingwa wengine wenye idadi kama hiyo hawaipati. Lakini hiyo ni heshima tunayoitoa sisi watazamaji. Mchezaji aliyeko chumba cha kubadilishia nguo usiku wa kuamkia robo fainali haishi kwa heshima hiyo.

Kwa maoni yangu, basi, mchezaji wa juu ana haki ya kutaka njia nyepesi ndani ya mashindano, na mashabiki tuache kumdharau kwa hilo. Anachohitaji ni mpinzani anayemkosesha raha katika miezi ya mazoezi. Kizazi cha sasa kinalionyesha hili waziwazi. Mataji yote manane makubwa ya wanaume ya 2024 na 2025 yalikwenda kwa Jannik Sinner na Carlos Alcaraz, manne kwa manne. Juni 2025 jijini Paris, Sinner alikuwa na pointi tatu za ubingwa, yaani mara tatu alihitaji pointi moja tu ashinde, akazipoteza zote, na Alcaraz akashinda baada ya saa 5 na dakika 29. Wiki tano baadaye Sinner akamfunga kwenye fainali ya Wimbledon. Septemba, New York, Alcaraz akamfunga Sinner tena.

Baada ya kipigo hicho cha New York, Sinner hakuomba droo nzuri zaidi. Alikiri kwamba mchezo wake umekuwa rahisi kutabirika, na akasema yuko tayari hata kupoteza baadhi ya mechi zijazo wakati anajifunza kubadilika. Fikiria maana yake: mtu anayewafunga karibu wachezaji wote wengine duniani anakubali kufungwa na baadhi yao, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Novemba 2025 walikutana Turin, fainali ya mashindano ya kufunga msimu, na Sinner akashinda 7-6, 7-5.