Kocha na akae chini aandike: daftari la Russ Rose

Ukipata kutazama mechi za zamani za timu ya voliboli ya wanawake ya Penn State, ondoa macho kwenye mpira kidogo uangalie benchi lao. Utamwona kocha Russ Rose ameketi, daftari mapajani, akiandika kila mguso. Wenzake upande wa pili wamesimama kwenye mstari wanapiga makofi na kuelekeza kwa mikono. Yeye anainua kichwa, anatazama, anainama tena kuandika.

Huyu ndiye aliyeongoza timu hiyo ya chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuanzia 1979 hadi 2021. Ni misimu 43 kwenye benchi moja: ushindi 1,330, vipigo 229, mataji 7 ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Nashikilia kwamba siri kubwa ya mafanikio hayo ilikuwa ndani ya daftari lile, na kwamba hakuna kocha wa voliboli, awe Nairobi, Dodoma au Bujumbura, anayeweza kusema hana uwezo wa kununua kifaa hicho.

Hesabu hakuanza nazo uzeeni. Shahada ya uzamili aliisomea Chuo Kikuu cha Nebraska, na tasnifu yake ilihusu takwimu za voliboli. Hata hivyo, taji la kwanza lilimchukua muda mrefu. Alifika fainali 1993, 1997 na 1998 akafungwa zote, ndipo 1999 akaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Stanford. Huo ulikuwa msimu wake wa 21. Kwetu kocha anayefungwa fainali mbili mfululizo huwa amekwishafungasha, na anayemrithi anaanza upya bila hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Hilo linaniuma kuliko uhaba wa mipira.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba mataji yake yalipatikana chini ya mifumo mitatu ya kuhesabu pointi. Mwaka 1999 seti ilikwenda 15 na aliyekuwa na sevu (mpira wa kuanzisha mchezo) tu ndiye aliyepata pointi. Mwaka 2007 kila mpira ulikuwa na pointi na seti ilifika 30. Kuanzia 2008 seti ikawa ya 25. Timu inayotegemea ari peke yake huyumba kanuni zikibadilika. Yake ilibeba mataji 2007, 2008, 2009 na 2010. Kati ya Septemba 2007 na Septemba 2010 ilishinda mechi 109 mfululizo, na Stanford ndiyo iliyoifunga kabla ya msururu huo kuanza, na ndiyo iliyoukatiza. Msimu wa 2008 ilicheza mechi 38, ikapoteza seti 2 tu, zote kwa Nebraska katika nusu fainali moja.

Sasa, kuandika nini? Anza na mapokezi ya sevu, kwa sababu kila kitu kingine kinazaliwa hapo. Makocha wengi hutumia alama 0 hadi 3. Mpira ukimfikia seta, yaani mwenye kazi ya kuwapandishia wapigaji mpira, karibu na wavu, akabaki na uhuru wa kumpa mpigaji yeyote hata yule wa kati kwa mpira wa haraka, andika 3. Ukimtoa seta kidogo, wa kati akawa amepotea ila pembeni zote mbili ziko wazi, andika 2. Ikibaki njia moja tu, mpira mrefu wa juu pembeni au kuusukuma tu ng'ambo, ni 1. Pointi ikienda moja kwa moja kwa mpinzani, 0. Chukua mchezaji aliyepokea sevu 20: saba za alama 3, sita za 2, nne za 1 na tatu za 0. Jumla ni 37, gawanya kwa 20 upate 1.85. Huyo bado. Mpokeaji wa 2.0 anaridhisha, na ukipata wa 2.3 usimtoe uwanjani bila sababu nzito.

Kwa wapigaji, kuhesabu smashi zilizolala chini peke yake ni kujidanganya. Toa makosa: zilizotoka nje, zilizogonga wavu, na zilizozuiwa zikaanguka kwako. Kisha gawanya kwa majaribio yote. Mpigaji aliyejaribu mara 30, akafunga 14 na kukosea 9, ana 0.167. Mwenzake aliyejaribu 20, akafunga 8 na kukosea 2, ana 0.300. Uwanja mzima utamwimba wa kwanza. Daftari litakwambia seta ampelekee wa pili mipira zaidi.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa mizunguko sita, yaani mipangilio sita ya wachezaji uwanjani: kila timu inaponyang'anya sevu kwa kushinda pointi mpinzani akiwa anapiga, wachezaji wote husogea nafasi moja. Upe kila mzunguko namba ya eneo la uwanja aliposimama seta: 1, 6, 5, 4, 3, 2. Kisha kila mpinzani anapopiga sevu, weka alama kwenye safu ya mzunguko huo. Hapa makocha wengi hukosea: wanahesabu pointi walizoshinda wakipokea sevu katika kila mzunguko, wanakuta zinakaribiana, wanafunga daftari. Ni lazima zikaribiane! Timu haizunguki mpaka inyang'anye sevu, kwa hiyo kila mzunguko unapata ushindi wake mmoja ndipo mnasonga. Cha kuhesabu ni sevu ulizopokea kabla ya ushindi huo kupatikana. Tuseme kila mzunguko umenyang'anya sevu mara 5. Mitano kati yake ilipokea sevu 8 kila mmoja, lakini wa sita ulipokea 16. Mitano imevuja pointi 3 kila mmoja, huo mmoja umevuja 11. Mechi imepotelea hapo, na kwa macho ilionekana kama "wasichana wameshuka morali".

Chanzo mara nyingi ni kwamba seta yuko mbele, hivyo wapigaji wa mstari wa mbele wamebaki wawili na ukuta wa wapinzani, yaani wale wanaoruka wavuni kuzuia, unawasubiri. Au mpokeaji dhaifu ameangukia eneo ambalo sevu zote zinalengwa. Dawa zipo. Msogeze mpokeaji huyo karibu na wavu au kwenye mstari wa pembeni, mradi asipitane na majirani zake kabla sevu haijapigwa, kisha libero, yule mchezaji maalumu wa nyuma wa kupokea na kulinda, apanue eneo lake. Mfundishe mtu wa nyuma kupiga akirukia nyuma ya mstari wa mita 3, ili ukuta uwe na watatu wa kuwafikiria. Au anza seti mzunguko mmoja mbele, mzunguko wako mbovu usikutane na mpiga sevu wao hatari. Na mazoezini waweke sita hao hapo hapo, wapigiwe sevu 10, wasihame mpaka wanyang'anye 6.

Daftari nalo lina namna ya kuharibika. Kocha anayetaka kuandika kila kitu siku ya kwanza atakosa vyote viwili, mchezo na namba. Mechi tatu za mwanzo andika mapokezi tu. Alama zitolewe na mtu mmoja, kwani 2 ya huyu ni 3 ya yule, na rafiki wa mchezaji huwa mkarimu. Sevu 5 hazithibitishi lolote, kwa hiyo kusanya angalau mechi tatu au nne kabla ya kumhamisha mtu namba. Na kamwe usibandike wastani ukutani ili kumwaibisha binti wa watu. Mwite kando, mwonyeshe mistari yake, mwulize sevu zile nne za 1 zilitua upande gani wa mwili wake. Mara nyingi atakujibu kabla hujamaliza swali.

Kocha anayekaa huwalazimisha wachezaji waione mechi wenyewe, na naamini wanaojifunza kuiona hivyo ndio wanaofaa kuwa makocha. Katie Schumacher-Cawley alikuwa kwenye kikosi kile cha 1999. Alirudi 2018 kama msaidizi wa Rose, akarithi timu 2022. Mwaka 2024 aliongoza msimu huku akitibiwa saratani ya matiti. Katika nusu fainali, Nebraska ilikuwa mbele seti 2-0; Penn State ikachukua ya tatu, na katika ya nne, ikiwa nyuma 22-16, ikaichukua 28-26, kisha ya tano 15-13. Fainali ilichezwa Louisville tarehe 22 Desemba dhidi ya wenyeji, waliofundishwa na Dani Busboom Kelly. Tangu 1981 mashindano hayo ya wanawake yalikuwa yamechezwa mara 43, na mara zote 43 kocha bingwa alikuwa mwanamume. Siku hiyo mabenchi yote mawili yaliongozwa na wanawake. Penn State ikashinda seti 3-1.